Ukuta wa Nyuma wa Mama Blessing

Igowole nzima inamjua Veneranda kwa gari lake. Ni Kirikuu, kipikapu cheupe kilichochakaa, mlango mmoja ni wa bluu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine lililokufa, na kioo cha upande wa abiria hakishuki wala hakipandi. Sisi majirani tunamwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake. Asubuhi ukisikia kitu kinakohoa barabarani, ujue Mama Blessing anapeleka viazi vya watu Mafinga.

Gari hilo alilinunua mwenyewe, kwa jasho la kuuza viazi sokoni Mwanjelwa kule Mbeya, akilala chumba kimoja na mtoto wake na magunia. Hakupewa na mume, maana mume alishaenda zake kitambo. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa kwetu mwanamke akiwa na gari watu huuliza amehongwa na nani, na mimi swali hilo hunipandisha hasira hata kama halijaulizwa kwangu.

Kabla hajarudi kutoka Mbeya alijengewa banda la gari ubavuni mwa nyumba yake. Alituma saruji, na kaka yake mkubwa, Philbert, akasimamia mafundi. Aliporudi akaweka mlango wa chuma ambao ungefaa benki, na makufuli matatu juu yake. Tulimtania kwamba anaogopa gari litatoroka.

"Chekeni tu," alisema. "Mwizi naye akifika hapa atacheka, halafu atarudi kwao."

Mwizi alifika, mwaka jana, na hakurudi kwao mikono mitupu. Mlango hakuugusa. Alizunguka nyuma, upande wa mahindi, akakwangua plasta, akachokonoa kwa nondo, akatoa matofali moja moja na kuyapanga pembeni vizuri kabisa, kama fundi anayetegemea kurudi kazini. Akapita kwenye tundu, akaondoka na betri, jeki na tairi la akiba. Asubuhi nilimkuta Mama Blessing akifungua makufuli yake matatu, moja baada ya jingine, ili aingie kwenye banda ambalo limeshaibiwa. Kicheko kilinijia, nikauona uso wake, kikanikauka.

Chai haijachemka watu walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja akataka afuge mbwa. Mwingine akasema dawa ni kuzindika banda, tena yuko mtaalamu anayemjua, mwizi akigusa tu anaganda hapohapo mpaka mwenye mali aje.

"Huyo mtaalamu wako si ndo aliibiwa baiskeli wakati wa Pasaka?" Mama Blessing aliuliza. "Mbona mwizi wake hakuganda?"

Ndipo akaja Philbert, koti zuri, viatu vimepigwa kiwi, na huruma tele usoni.

"Kamwene, mdogo wangu. Pole sana. Sasa sikiliza, hii gari ilete kwangu. Mimi nina fensi, nina geti. Asubuhi unakuja, unachukua ufunguo, jioni unarudisha. Mwanamke peke yako huwezi kulinda kitu kama hiki."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikuitikia. Namjua Philbert. Cherehani ya marehemu mama yao nayo alienda kuitunza, na imetunzwa barabara, hata Mama Blessing hajaiona tena. Ufunguo ukilala kwa Philbert, wiki ya kwanza angeomba gari apeleke mbolea yake. Wiki ya pili angempa mwanawe ajifunzie. Baada ya hapo Mama Blessing angekuwa anakwenda kuomba gari lake kwa adabu, akiwa amesimama nje ya geti.

Naye alilijua hilo kuliko mimi. Ukimwangalia ungedhani anafikiria betri, lakini nilimwona anavyoyashika yale makufuli yake kifuani.

"Asante kaka," alisema. "Gari italala hapa."

"Wakirudi je?"

"Nitaibiwa nikiwa kwangu."

Philbert alitabasamu tabasamu la mtu anayejua kwamba njaa itakuleta mwenyewe. Akamwambia asichelewe kuamua, akaondoka.

Mchana nikamwita fundi Kasian aje aangalie tundu. Yeye ndiye aliyelijenga banda lile. Alipofika hakutoa kipimo wala kamba. Alisimama tu akiangalia matofali yaliyopangwa pale chini, kisha akaangalia viatu vyake. Mama Blessing aliokota tofali moja, akalipitishia kidole gumba. Udongo mwekundu ukamwagika wote kama unga.

"Kasian. Hii ni nini?"

"Udongo, mama."

"Mimi nilituma udongo?"

Hapo Kasian akatapika yote. Ukuta wa mbele na sakafu walitumia saruji. Wa nyuma Philbert aliwaambia wajengee udongo, wakipiga plasta juu hakuna atakayeona, na kwamba dada mwenyewe ndivyo alivyotaka. Saruji iliyobaki ilipakiwa ikaenda kwake.

"Ndo tulifyatulia zile tofali za fensi yake, mama. Na nyingine bado ziko pale getini, anataka kujenga mabanda ya nguruwe. Mimi nilijua mmekubaliana."

Mama Blessing alikaa chini juu ya yale matofali akalia. Hakulia sana, na alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu, akijipiga paja kwa kiganja. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda kwa mtendaji wa kijiji, au ningemsema Philbert kanisani mbele ya mchungaji wakati wa matangazo. Nikamwambia hivyo.

"Kwa mtendaji wataniweka kwenye benchi mpaka mvua zije," alisema, akifuta uso kwa khanga. "Niazime betri yako."

Ni betri ya sola yangu, ndiyo taa na redio yangu nyumbani. Nilimpa. Kasian akaifunga, Kirikuu ikakohoa, ikawaka, nasi watatu tukabanana mbele.

Geti la Philbert lilikuwa wazi. Mama Blessing aliingia kinyumenyume mpaka kwenye lundo la matofali ya saruji, akashuka, akafungua bodi ya nyuma na kuanza kupakia. Wifi yake, Eveline, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wifi, karibu. Mbona hata hodi?"

"Nimeshakaribia, wifi. Nabeba vitu vyangu."

Philbert akatokea mlangoni na kikombe cha chai. Aliangalia gari, akamwangalia Kasian, na nadhani alipomwona Kasian akaelewa kila kitu, maana huruma yote ilimtoka usoni.

"Veneranda! Unafanya nini?"

"Napakia."

"Hizo tofali ni zangu! Unaniibia mimi, kaka yako, mchana kweupe?"

Mama Blessing alikuwa na tofali mikononi. Alilishusha polepole juu ya gari, akageuka. Ng'ambo ya fensi wanakwaya walikuwa wanapita kwenda mazoezi, na akapaza sauti kusudi.

"Nakuibia? Basi piga yowe, kaka. Ita watu. Waje wote, waulize hii saruji ilinunuliwa na nani, na ukuta wangu una nini ndani."

Philbert alifungua mdomo. Wanakwaya walikuwa wamepunguza mwendo. Tukamsubiri, kweli tulimsubiri, Kasian hata aliacha kupakia. Chai ilikuwa inamwagikia mkononi naye haioni. Kisha akafunga mdomo, akarudi hatua moja ndani ya kivuli cha mlango wake.

Eveline alimwangalia mumewe, akaangalia ile fensi, na nikaona anaanza kuhesabu mambo yake mwenyewe. Aliweka mwiko juu ya dirisha, akaja, akashika tofali, akampa Kasian.

Tulipakia mpaka springi za Kirikuu zikalala. Mama Blessing akapanda, akakanyaga mafuta, halafu akachungulia dirishani.

"Zilizobaki nakuja kesho, kaka. Geti usifunge."