Mbuzi Wasiohesabiwa

Harufu ya mashudu ya alizeti hunikaba koo hadi leo. Mwaka ambao dada yangu Zaina alikuwa darasa la saba, alizeti ilikubali sana kwetu Mtinko, na mashine ya kukamulia mafuta iliyokuwa karibu na mnada ilinguruma kutwa nzima. Harufu yake nzito iliingia kwenye nguo, kwenye uji, hata kwenye madaftari. Mimi nilikuwa darasa la tano, mdomo mrefu kuliko akili, na kazi yangu msimu ule ilikuwa kupura alizeti uani pamoja na Zaina. Tulivipiga vichwa vilivyokauka kwa fimbo, mbegu zikaruka, kuku wakazigombania, na katikati ya vurugu hiyo Zaina alinung'unikia hesabu.

Zaina hakuwa mjinga. Kujumlisha, kutoa na kugawanya kwake kulikuwa kama kunywa maji. Kilichomshinda ni hesabu za maneno, zile zinazoanza na "Mfugaji mmoja ana..." Mwalimu wao alizifanya kwa herufi, aliandika x ubaoni, akaihamisha huku na kule, walioelewa wakaelewa. Waliobaki aliwaambia penye nia pana njia. Nia Zaina alikuwa nayo, hata ya kumgawia jirani, ila njia ndiyo haikuonekana. Na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa unakuja. Baba alishasema: akichaguliwa sekondari, atauza dume lake la mbuzi amnunulie sare; asipochaguliwa, aende Ikungi kwa shangazi akasaidie kazi za nyumbani. Zaina aliitaka sekondari mpaka akawa anaiongelea usingizini.

Jioni moja tukiwa kwenye ugali alijipa moyo. Aliona kwamba swali linahusu mfugaji, na mfugaji anaye hapo hapo nyumbani.

"Baba, mtu ana kuku na mbuzi. Vichwa vyote ni ishirini, miguu yote hamsini na sita. Mbuzi ni wangapi?"

Baba alirudisha tonge lake. "Mtu gani huyo?"

"Hayupo, baba. Ni wa kwenye kitabu."

"Na nani amemhesabia mifugo yake?"

Kwetu mifugo haihesabiwi. Kila jioni baba alisimama mlangoni mwa zizi, akawatazama mbuzi wakiingia, na kwa rangi na mwendo tu akajua nani amebaki porini. Ukimuuliza ana mbuzi wangapi, alijibu, "Wapo." Kuwataja kwa idadi ilikuwa ni kuwaitia fisi. Hata mama, akiulizwa ana watoto wangapi, alisema, "Wapo, Mungu awatunze." Basi jioni ile mama alimhurumia Zaina, akafikiri sana, mwishowe akasema, "Mwanangu, mwombe mwalimu akupe hesabu ya viazi." Nilicheka nikapaliwa. Zaina hakucheka. Aliwatazama wazazi wake mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba wanampenda na kwamba hawana la kumsaidia.

Kesho yake, tukiwa kwenye kupura, alipanga mbegu ishirini chini ziwe vichwa, akavunjavunja mabua yawe miguu. Alibahatisha hivi, akabahatisha vile, miguu ikazidi au ikapungua, mpaka machozi yakamlenga. Ndipo nikakumbuka jinsi mama anavyogawa nyama: kwanza kila sahani hupata vipande viwili, mkubwa kwa mdogo, asinune mtu; kinachobaki ndicho kinachorudi kwa wakubwa. Nikamwambia, "Gawa kama mama." Akakipa kila kichwa vijiti viwili, maana hata mbuzi ana miwili ya kuanzia. Vikabaki kumi na sita. Akavirudisha viwili viwili mpaka vikaisha. Waliopata mara ya pili ndio mbuzi. Wanane!

Sijapata kumwona mtu akifurahi namna ile. Alirukaruka, akaanza kuwapa wale mbuzi majina ya mbuzi wetu wenyewe, akiwagusa kwa kidole na kuwahesabu kwa sauti. "Mmoja, Madoa. Wawili, Kipara. Watatu, Kibuluu..."

"Zaina! Nyamaza!" Mama alitokea jikoni mbio, lakini baba alikuwa ameshafika uani na amesikia. Alizisambaza zile mbegu kwa mguu wake, akaenda zizini.

Haikupita hata wiki, fisi akapenya kwenye ua wa miiba. Asubuhi tulikuta Madoa na Kipara hawapo, na damu imekauka kwenye mchanga. Jirani yetu alipopita kutoa pole alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huku akimtazama Zaina. Baba hakumpiga wala hakumgombeza. Alisema tu, "Basi," na neno hilo lilikuwa zito kuliko fimbo. Mimi nilimwambia Zaina kwamba tundu alilopitia fisi kwenye miiba tulikuwa tunaliona siku zote, na kwamba fisi hajui hesabu. Aliitikia kwa kichwa tu. Nilimwambia tena na tena, nikaona maneno yangu hayaingii.

Siku ya mtihani nilimkimbilia njiani. "Lile swali lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. La mbuzi na kuku."

"Ukagawa kama mama?"

"Nililiacha wazi."

"Si ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua," alisema. "Lakini baba amebakiwa na wachache."

Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, lake halikuwepo. Sijui kama ni swali lile moja lililomwangusha, na kutojua huko kunaniuma kuliko kama ningejua. Jioni ya siku aliyopelekwa Ikungi, baba alisimama mlangoni mwa zizi mpaka mbuzi wote wakaingia, dume lake likiwemo. Kisha akaendelea kusimama.

Sasa ninakaa Unyambwa. Binti yangu Rahma yuko darasa la sita, ana simu ya kuazima, ana masomo ya ziada, na hesabu za maneno bado zinamliza kama zilivyomliza mama yake mkubwa. Nilipomwonyesha kugawa nyama alichora viduara na vijistari, akamaliza kabla chai haijapoa, akaniambia ni rahisi mno. Mwezi uliopita Zaina alitutembelea. Siku hizi anafuga kuku huko Ikungi, na wachuuzi wanamfuata nyumbani. Rahma alimwamkia shikamoo, akapokea mzigo, na kwa kuwa ujuzi ulikuwa unamwasha, akafungua daftari.

"Mama mkubwa, una kuku wangapi?"

"Wapo, mwanangu."

"Basi nitajie na mbuzi. Vichwa na miguu tu, mimi nitakutafutia."

Zaina alitabasamu, akalifunga lile daftari taratibu, akaliweka mapajani na kulifunika kwa mikono yote miwili. "Wapo," alisema tena. Rahma akanigeukia mimi nimsaidie. Jibu nililijua tangu utotoni, kwamba fisi hajui hesabu; nikainuka nikamtengea Zaina chai.