Nyumba ya Kwenye Kompyuta Ilikuwa na Mbuzi

Mimi nimewahi kumkumbatia mama mkwe wangu mchana kweupe, mbele ya watu, huko Kitengela, na kabla hamjaanza kucheka (naona wewe hapo pembeni umeshaanza) ngojeni kwanza niwaambie ilikuwaje, kwa sababu hadi leo nikikumbuka masikio yanachemka, na wa kulaumiwa ni mimi, lakini pia ni picha.

Siku hizo hakukuwa na intaneti kwa simu, ulikuwa unaenda saiba, unakaa kwa kompyuta na dakika zinahesabiwa. Mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, hawezi kuinama, hawezi kubeba ndoo, na mimi kazi yangu ya kiwanda Athi River inanitoa nyumbani kabla jua halijatoka. Mtu wa kumsaidia alikuwa mama yake tu. Mama alikubali kutoka Bungoma, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hata hakuhitaji kulitaja: hangeweza kulala chini ya paa moja na mimi. Kwetu mama mkwe humshiki hata mkono, hukai naye kiti kimoja, humwangalii usoni, sembuse kulala nyumba moja ambapo akikohoa unasikia. Na sisi tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Bila chumba cha nje hakuna mama, na bila mama, mshono wa Nekesa ungefunguka akichota maji.

Basi nikaingia saiba, nikaipata. Nyumba ya vyumba viwili, upande ule wa kuelekea Kisaju, paa la kijani, ua wa maua mekundu, nyuma yake mbuga tupu hadi macho yanachoka, na SQ, kile chumba cha nje cha mfanyakazi, chenye mlango wake. Chini imeandikwa iko wazi. Nikampigia broka. "Iko, boss," akasema. "Kuja Jumamosi na vitu vyako, keretaka atakupokea, makaratasi tutaandikiana hapo hapo." Nekesa akaniuliza, "Baba Wafula, si uende kwanza uione?" Nikamwambia picha si hii hapa, nimeiprinti, nikienda nitaona nini kingine? (Hilo ndilo jibu nililotoa. Mimi, mtu mzima, mwenye mtoto.)

Jumamosi tukakodi lori ndogo, mama, aliyeshuka basi la Bungoma asubuhi hiyo, na Nekesa na mtoto wakakaa mbele na dereva, na mimi nikakaa nyuma juu ya godoro pamoja na wabeba mizigo wawili, vijana wa kwetu, kwa sababu huko mbele singeweza kubanana na mkwe. Vumbi lote la barabara ya Namanga liliingia mdomoni mwangu, lakini nilikuwa na raha, nilikuwa hata nimevaa shati jeupe. Tukafika, paa ni la kijani, sawa. Ua wa maua hakuna. Mbuga hakuna, mahali pa mbuga pamesimama ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha, na mtu mwingine angeshtuka hapo, lakini mimi nikasema haya ni maendeleo. Geti lilikuwa wazi kweli, keretaka, yule mtunza nyumba, simwoni, nikasema atakuwa ameenda dukani. Nikaambia vijana teremsheni. Kikashuka kitanda, meza, sufuria, beseni ya mtoto, watu wa ghorofa wakatoka kwa balkoni kuangalia wageni, na hapo kiburi kikanipanda nikaona nimwonyeshe mama mkwe chumba chake kabla ya kitu kingine chochote. Nikatangulia, yeye akafuata nyuma kwa umbali wa heshima, nikaongea nikiangalia ukuta: "Hapa ndipo kwa mama." Nikavuta komeo.

Wakatoka mbuzi. Wadogo wadogo, wale wa kuruka ruka, sijui walikuwa wangapi, wote kwa mlango mmoja na wote kwa miguu ya mama mkwe. Akayumba. Kabla akili yangu haijafika mikono ilikuwa imeshafika, nikamdaka kiunoni, yeye akanishika shingo, tukasimama hapo katikati ya mbuzi tumekumbatiana kama watu waliokutana uwanja wa ndege. Huko juu mtu akapiga makofi. Wale vijana wetu, ambao wanajua jambo hilo kwetu ni nini, waligeuka wakaangalia upande mwingine. Nekesa alijifunika uso na shali ya mtoto.

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka, akatoka mama wa Kimaasai, mikono imejaa unga. Akaangalia kitanda chetu, akaangalia mbuzi wake, akaniangalia.

"Na nyinyi pia mmetoka kwa kompyuta?"

Anaitwa Mama Naserian. Alihamia hapo Naserian akiwa tumboni, na sasa Naserian anaenda nasari, na miaka hiyo yote watu wanakuja na picha. "Juzi walikuja wengine na makochi. Huyo kijana broka nilimwambia atoe hiyo picha, akasema atatoa. Mimi geti hufunga, leo nimewacha wazi nangoja lori ya maji, mkaingia nyinyi."

Nikampigia broka, nikaweka spika wote wasikie. "Oh, hiyo? Hiyo ilichukuliwa kitambo, boss," akasema, bila aibu hata kidogo. "Tangazo tunaliwachanga tu, ni nyumba ya kuvutia wateja. Lakini usijali, niko na nyingine safi, Kimuka." Kimuka ni huko Ngong. Mimi niko Kitengela, kitanda kiko nje, na chumba chetu cha zamani kilishaingia mtu asubuhi hiyo. Nilimwambia maneno ambayo singepaswa kusema mkwe akisikia, halafu nikakata simu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwa godoro letu, amenipa mgongo. Akamwambia Nekesa, "Nipeleke steji. Nitalala kwa basi." Nekesa alishika tumbo pale aliposhonwa, akaanza kulia kimya kimya, na hapo hasira yote ikanitoka, nikaogopa. Na singeweza kumwomba mama moja kwa moja. Nikamchukua mtoto, nikamwambia yeye, "Wafula, mwambie kukhu, bibi yako huyu, baba yako ni mjinga. Mwambie hakumshika kwa kupenda. Mwambie akienda, mama yako ataumia, na sisi hatuna mtu mwingine wa kumwita."

Mama aligeuza shingo kidogo, akamwangalia mtoto tu. Kisha na yeye akamjibu mtoto. "Wafula, mwambie baba yako nyumba huangaliwa na macho. Na anitafutie shuka mpya na jogoo, vya kuosha hiyo mikono yake."

Mama Naserian akapangusa unga kwa leso, akamwinamia, akamsalimia. "Takwenya, yeyo." Mama hajui Kimaasai hata neno moja, akajibu kwa salamu ya kwetu, "mulembe," na wakaelewana. "Huyu mama atalala kwangu na Naserian," akaniambia mimi. "Wewe uliza hapo kwa ghorofa, chini kuna chumba."

Ndivyo mama mkwe alivyokaa kwa nyumba ya picha hadi Nekesa akapona, kila asubuhi anavuka na chupa ya maziwa kuja kumwosha mtoto, na mimi nikaishi kwa ghorofa pamoja na watu walionipigia makofi, na miaka yote tuliyokaa hapo hakuna hata mmoja aliyejua jina langu, nilikuwa "yule wa mama mkwe," hata kwa mwenye duka. Siku hizi hata kama picha inapendeza namna gani, naenda mwenyewe, nagonga, nafungua kila mlango polepole hadi wa choo, na mama mkwe akiwa Bungoma.