Kitambaa Chake, Mshono Wangu

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Ulimi wake ndio uliompa jina. Mteja aliyenenepa aliambiwa amenenepa, aliyeleta kitambaa kibovu aliambiwa akakipigie deki, na bado walirudi, maana mshono wake ulinyooka hata ukiutazama kwa ndani. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, chumba kimoja kando ya barabara, na adui mmoja tu: dada wa mumewe.

Wifi huyo alikuwa mkuu wa shule, na alikaa nyumba ya mbele. Mkasi na mumewe walikaa vyumba viwili vya uani. Tangu siku ya kwanza hawakuiva chungu kimoja. Kwa hiyo wifi alipoleta kitambaa akitaka mapazia manne ya sebuleni, yenye marinda na bitana, mume alidhani amani imefika na akambembeleza mkewe aifanye kazi hiyo bure. Mkasi alishona wiki tatu. Alisahau chuki yake kabisa, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Walimu wenzake wifi walipokuja kumtembelea, Mkasi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Mgeni mmoja alishika marinda akauliza, "Haya umeyatoa wapi, mwenzangu?"

Wifi hakupepesa hata jicho. "Ng'ambo. Hapa kwetu nani wa kushona hivi? Hawa wetu wanajua kutia viraka tu." Kisha akageuka. "Weka hapo vikombe, wifi."

Mkasi aliviweka. Hakusema neno, na wanaomjua wangeanza kuogopa hapo hapo.

Kesho yake wifi alipokwenda shuleni, Mkasi alichukua ule ufunguo wa akiba aliokuwa akiachiwa siku zote, akaingia sebuleni na wembe mpya. Alifumua tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hakutoboa kitambaa mahali popote. Alipomaliza alivipiga pasi vipande vyote, akavikunja kwa ukubwa wake, akavipanga kwenye kochi. Nyuzi zote alizitia katika mfuko wa sukari akaondoka nazo, akafunga mlango kama kawaida.

Wifi alirudi akakuta jua limejaa sebuleni na madirisha yako uchi.

"Nani kaingia humu?" alipiga kelele uani.

"Mimi," Mkasi alijibu. "Kitambaa chako chote kipo kwenye kochi, kikague. Nimechukua mshono wangu."

"Utanitambua!"

"Nakutambua tangu zamani. Ndiyo maana."

Mume alihangaika baina ya nyumba mbili. "Mke wangu, mwombe radhi dada yaishe." Mkasi alisema kwanza wifi aseme hadharani nani aliyeshona. Dada mtu alisema afadhali wakutane mahakamani, na huko ndiko walikokutana. Shtaka lilikuwa kuharibu mali kwa nia ovu, na karani wa mahakama alimwambia mume wazi kwamba mkewe anaweza kufungwa.

Mkasi hakutishika. Kwa akili yake, nia ovu ni kupandwa na mori, kurarua vitu kwa meno, kutukana wazazi wa watu. Yeye alikuwa ametulia tuli. Huo ndio ulikuwa utetezi wake, na aliurudia mwezi mzima akiwa kwenye cherehani.

Siku ya kesi alikwenda na mfuko wake wa nyuzi. Wifi alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka alimuuliza swali la kawaida tu: mapazia yalishonwa na nani? Wifi alikohoa. Aliutazama ule mfuko.

"Jibu swali, mwalimu," hakimu alisema. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani.

"Huyo."

"Huyo nani?"

"Wifi yangu. Aliyashona yeye."

Mkasi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya vikombe. Zamu yake ilipofika alisimama kifua mbele.

"Mheshimiwa, mimi sikuwa na nia mbaya. Hata hasira sikuwa nayo. Niliamka, nikanywa chai yangu, nikatafuta wembe mpya, nikafumua uzi mmoja mmoja. Mwenye nia mbaya angechana."

"Ulijua mapazia ni ya nani?"

"Ya kwake."

"Alikuruhusu?"

"Mshono wangu nimwombe ruhusa?"

"Na ulijua ukimaliza hayatakuwa mapazia tena?"

"Si ndicho nilichokuwa nakitaka!"

Mumewe aliinamisha kichwa. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Mama, sheria haikuulizi kama moyo ulikuwa unachemka au umepoa. Inauliza kama ulijua ni mali ya mwenzako, ukajua utaiharibu, na ukafanya makusudi bila haki wala udhuru. Umeshanijibu yote. Ulipomkabidhi mapazia, mshono nao ulikuwa wake. Na huo wembe mpya, na pasi, na kukunja, ndivyo vinavyonionyesha kwamba hukuteleza."

"Na yeye je? Ananichukia tangu nilipoolewa, mashahidi ni mtaa mzima!"

"Akuchukie mpaka kufa. Maadamu hajagusa chako, chuki yake haina kifungu hapa."

Alipatikana na hatia. Aliepushwa na jela kwa masharti: ayashone upya ndani ya siku kumi na nne, na mwaka mzima asirudie kosa. Aliyashonea pale pale sebuleni, wifi amekaa mbele yake amekunja mikono.

"Pindo la kushoto limepinda."

"Yaliyopinda ni macho yako."

Alipokata uzi wa mwisho, wifi alisema, "Sijakusamehe."

"Sijakuomba."

Lakini Mkasi alikuwa ameomba nakala ya hukumu. Aliitia kwenye fremu ya kioo akaitundika juu ya cherehani, kwa ajili ya mstari wa tatu: mapazia manne yaliyoshonwa na mshtakiwa.

"Unatundika hatia yako ukutani?" mumewe alimuuliza.

"Natundika kazi yangu."

Wiki hiyo hiyo aliingia mteja wake wa miaka mingi na kitambaa cha gauni kwapani. Mkasi alimwonyesha fremu kabla hata ya kumpima. Yule mama alisoma mstari wa tatu, na kwa bahati mbaya akaendelea mpaka chini.

"Kwa hiyo siku nikikukasirisha utanifumulia?"

"Aa, mimi sikukasirika hata kidogo," Mkasi alisema kwa fahari. "Soma vizuri, imeandikwa."

Yule mama alisoma tena, taratibu. Kisha akarudisha kitambaa chake kwapani, akaaga kwa heshima zote, akaondoka nacho.