Niliingia na Pasipoti Majini

Gesti ile ilikuwa juu mlimani, na kabla hatujakaribishwa ndani tulivuliwa viatu. Mwenye nyumba, mwanamke wa umri wa mama yangu, alipiga magoti mlangoni, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu. Kisha akachukua viatu vyangu, vile nilivyonunua Kasulu mjini kwa ajili ya safari, akaondoka navyo. Nilimfuata kwa macho hadi akapotelea nyuma ya pazia.

"Anavipeleka wapi?" nilimuuliza kijana aliyetuleta.

"Atavitunza, mama. Utavipata ukitaka kutoka."

Kijana huyo ni Mjapani aliyewahi kukaa kwetu Kasulu akifundisha vikundi vya akina mama kufuga nyuki. Kiswahili chake amekiokota kwetu, kwa hiyo anakizungumza kama Muha. Ndiye aliyetuombea nafasi ya kwenda nchini kwao kujifunza kusindika asali, mimi na dada mmoja wa Murungu, kule Kibondo. Mafunzo yalipokwisha akasema hatuwezi kurudi nyumbani bila kulala kwenye nyumba ya wageni ya kizamani na kuoga maji ya moto yanayotoka ardhini. Dada alifurahi. Mimi nilikuwa na mashaka. Kwetu maji yanayochemka bila kuni hayaingiwi kabla hujauliza ni ya nani.

Mwenye nyumba alirudi akataka pasipoti zetu. Kijana alieleza kuwa ni sheria kwa wageni, zinatolewa nakala tu. Dada alitoa yake palepale. Mimi niliinuka na yangu mkononi, nikamfuata yule mama hadi kwenye mashine, nikasimama pembeni mpaka nikarudishiwa. Alinitazama akatabasamu. Sikujua anatabasamia nini.

Mtu asinicheke. Mama yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, akapita upande wa Munanila na nguo alizovaa tu. Alituhadithia jinsi walivyoambiwa kwenye mapokezi ya wakimbizi wavue, waoge, na nguo zao zikachukuliwa kwenda kuchemshwa kwa ajili ya chawa. Kitenge alichopewa na bibi hakikurudi. Miaka mingi baadaye familia yetu ilipopata uraia, aliniambia, "Karatasi hii ni ngozi yako ya pili. Usiivue mbele ya watu." Alikuwa hatanii.

Chumba tulichopewa hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na mikeka minene, meza fupi, na mlango wa karatasi usio na kitasa wala kufuli.

"Tunalala wapi?" nilisema.

"Watatandika tukiwa tunakula," dada alinijibu. Alikuwa ameelezwa, naye alikuwa ameridhika.

"Kwa hiyo wataingia humu sisi hatupo."

"Wewe una nini cha kuibiwa? Mashine ya kurina asali?"

Tulipewa kanzu za pamba zenye mkanda. Nilijifunga yangu nikatoka nayo kwenye ujia, na mwenye nyumba aliponiona alishtuka. Alinijia mbio, akanifungua mkanda bila kuniomba ruhusa, akabadilisha upande wa kulia ukaenda chini na wa kushoto juu, akanifunga tena. Nilimuuliza kijana kulikoni.

"Ulivyofunga wewe, ndivyo tunavyowavalisha maiti."

Baada ya hapo nilitembea nimeshika mkanda wangu. Tulipopita mlangoni niliona viatu vyangu kwenye rafu, vimefutwa vumbi mpaka kwenye soli. Hata hilo sikulipenda. Nani alimtuma?

Kijana aliishia kwenye pazia la wanaume. Sisi tukaingia upande wa wanawake, ambako kulikuwa na vikapu vya kuwekea nguo, basi. Hakuna kabati, hakuna ufunguo. Dada alivua, akakunja, akaweka. Mimi nilitoa mfuko wa nailoni niliokuja nao kutoka nyumbani, nikaitia pasipoti ndani, nikaufunga fundo, nikauning'iniza mkononi.

"Unaingia nayo majini?" dada aliuliza.

"Ego. Naingia nayo."

Harufu ya mayai viza ilitupokea. Tuliosha miili kwanza, tumekaa kwenye vijistuli, kisha tukashuka kwenye bwawa la mawe. Walikuwamo wazee wawili, wanawake, wakiwa na vitaulo kichwani. Waliutazama mfuko wangu, wakatazamana, wakasema jambo kwa sauti ya chini. Maji yalikuwa makali kama chai. Nilijiambia sitatoka kabla yao, kwa sababu nikitoka nitawapa mgongo na sitaona wanachofanya. Basi nikakaa. Wao wamezoea, wakakaa. Dada alitoka, akaniita, nikamwambia atangulie. Nakumbuka mawe yakianza kuelea. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye mbao za chumba cha nguo, nimefunikwa taulo, kitambaa cha baridi kikiwa kwenye paji la uso. Mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti kando yangu akinipepea. Niliinua mkono. Mfuko haukuwepo.

Nilikaa kitako nikaanza kusema, Kiswahili na Kirundi pamoja. Dada alinivalisha kanzu haraka, na kijana aliitwa hadi nje ya pazia.

"Mwambie anirudishie pasipoti yangu," nilisema. "Mwambie huyu mama ameichukua."

"Mama, siwezi kumwambia hivyo," kijana alijibu kutoka nje.

"Kwa nini huwezi?"

"Siwezi tu. Hata mimi mdomo wangu hautaweza."

Aliongea maneno yake mwenyewe, marefu. Mwenye nyumba alisikiliza, akainuka, akaenda kwenye kona yenye feni. Pasipoti yangu ilikuwa pale, imesimamishwa mbele ya upepo, kurasa zimetenganishwa kwa vipande vya karatasi laini. Fundo langu lilikuwa limeingiza maji. Alinikabidhi kwa mikono miwili, ameinama. Nilifungua ukurasa wa picha nikajitazama, nikapekua hadi mwisho. Hakuna kilichopungua. Nilisema asante kwa Kijapani, neno pekee nililokuwa nalo, na jioni ile nilikula samaki mbichi bila kuuliza lolote.

Asubuhi tuliondoka kwa gari la kijana. Barabara ilianza kuteremka milimani, nikamuuliza alimwambia nini yule mama.

"Nilimwambia unamshukuru kwa kukuokoa."

"Kwa maneno mengi vile?"

Alicheka kidogo, akatazama barabara. Nimemuuliza tena kwa simu tangu nirudi Kasulu. Anajibu vilevile.

Siku ile, kabla hatujaikata kona ya kwanza, niligeuka nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bado amesimama nje na wafanyakazi wake, wote wanapunga mikono.

"Tazama, wanatuaga," dada alisema.

"Au wanahakikisha tumeondoka," nilimjibu.