Taa ya Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Wapangaji walimwita fundi wao wa ving'ora vya moto Mama King'ora, na kwa miaka kumi na tisa aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Kila baada ya miezi mitatu alilizunguka jengo lao la ghorofa sita, mkononi ufito mrefu wenye kikombe cha moshi wa majaribio, akikigusisha kwenye kila kigunduzi darini. Kigunduzi kikinusa moshi, hupeleka habari kwenye paneli iliyo chini mlangoni, nayo huonyesha ghorofa na chumba. Hapo ving'ora hulia, lifti hushuka na kutulia, milango ya dharura hujifungua.

Siku moja, katika chumba cha washonaji ghorofa ya tatu, alikuta kigunduzi kimevishwa mfuko wa plastiki.

"Nani kakiziba pua hiki?"

Msimamizi wa jengo akajikuna kisogo. "Mimi, mama. Mvuke wa pasi unakiliza kila siku. Sasa watu wanakichukulia kama kelele za mlango, hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."

Mama King'ora hakugomba. Akaung'oa mfuko, akakiondoa kigunduzi na kufunga mahali pake cha joto, ambacho mvuke haukisumbui. Alipokijaribu, jengo zima lilipiga kelele. Mshonaji mmoja mzee, ambaye wote walimwita Shangazi, ameinamia cherehani, hakugeuka hata kidogo.

"Shangazi hasikii," msimamizi akasema. "Tangu utotoni."

"Na moto ukizuka akiwa peke yake?"

"Si kuna majirani?"

"Majirani watakuwa wanakimbia, kaka."

Wiki iliyofuata akafunga taa nyeupe ya kuwaka na kuzimika haraka mbele ya cherehani ya shangazi, akaiunganisha na paneli.

Miezi minne baadaye, saa tano asubuhi, waya uliungua katika stoo ya ghorofa ya pili. Wenzake shangazi walikuwa wametoka kupokea vitambaa. Taa ikaanza kuwaka na kuzimika, akaacha nguo chini ya sindano, akashuka. Alipofika barabarani, moshi mzito ulikuwa umeanza kujaa ngazini.

Mama King'ora alipofika, moto ulikuwa umezimwa. Shangazi alimshika mikono yote miwili, akakawia kuiachia.

Msimamizi alimshukuru mara tatu, lakini fundi alikuwa amezama katika mawazo. Paneli ilivijua vyumba vyote. Yeye, miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza ni nani walio humo.

"Wako wangapi wengine wasioweza kusikia, au kushuka ngazi?"

"Kwa kweli sijui, mama."

Wakaanza na ghorofa ya kwanza, mlango kwa mlango. Hadi alasiri walikuwa wamepata wanne.