Vikombe Viwili vya Alfajiri

Sikia habari ya siku ile niliyopelekwa hospitali, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu. Mimi wa kidato cha tatu, wewe wa kwanza, lakini kitanda cha hospitali kilinizeesha, na Jumatatu ni zamu yako kwenda kule kutibiwa ulevi wa gongo.

Tulitoka kijijini Daa na baba, tukadandia lori la vitunguu. Yeye alivaa shati la kanisani, lililofuliwa kwa maji matupu maana sabuni ilikuwa haionekani madukani. Mimi nilishapiga vikombe viwili vya gongo alfajiri, nyuma ya zizi, nikatafuna kitunguu kibichi kuua harufu.

Kule hospitalini Sista, mtawa muuguzi, akashika kidonge cha kuachisha pombe, akauliza, "Mara ya mwisho kunywa ni lini? Dawa hii na pombe hazipatani kabisa."

Baba yuko pembeni, ananitazama. Nikasema, "Wiki mbili, Sista. Siku hizi hata maji nayaogopa."

Baba akacheka. Miezi mingi sikuwa nimemsikia akicheka. Ningemkatizaje? Nikameza kidonge.

Haukupita muda, uso ukawaka moto, moyo ukadunda mpaka shati likacheza. Nikatapika kwenye viatu vya baba.

"Huyu amekunywa?" Sista akauliza.

"Hajanywa!" baba akafoka. "Haki ya Mungu, Sista, nalala naye chumba kimoja!"

"Basi itakuwa malaria." Akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Utani wote uliniisha. Nikinyamaza, nachomwa dawa ya ugonjwa nisio nao, na huu nilio nao unaniua huku baba akiniapia.

"Baba, nilikunywa. Leo asubuhi."

Hakunipiga. Aliinama tu, akawa anapangusa viatu. Heri angenizaba kofi.

Sista alikaa nami mpaka moyo ukatulia. Kisha akamtuma baba akanywe chai, akaniambia, "Mjinga wewe. Na mimi mjinga pia, kukuuliza mbele ya baba yako."

Basi sikia. Mzee wako akiwepo, mwambie Sista unataka kusema naye peke yako. Mkibaki wawili, taja vyote ulivyokunywa, hata ulichoonja tu. Haulizi ili akuchongee. Dawa anaipima kwa maneno yako, hana kingine. Na mzee asiyejua kitu usimwache akuapie.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, akulegeze ulimi mbele ya Sista, akurudishe kwenu ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.