Mkeka wa misiba wafika pwani ya Kilwa

Saa moja kasoro asubuhi, moshi wa korosho umeshatanda uani kwa Adija Mchopa, hapa Mtama mkoani Lindi. Kuku wamehamia kwa jirani. Adija mwenyewe amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, mbele yake jiwe, mkononi kijiti kizito cha mpingo.

Anaweka korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, anagonga mara moja. Ganda linafunguka na punje inatoka nzima, nyeupe. Hiyo inakwenda kwenye sufuria. Inayofuata inakatika vipande viwili, naye anavitupa kwenye bakuli jekundu la plastiki lililo kushotoni kwake.

“Za sufuria ni za nyumba,” anasema bila kuinua macho. “Za bakuli jekundu ni za bahari.”

Adija ana miaka thelathini na tisa, na kazi ya kubangua korosho ameifanya kwa miaka kumi na minne. Mfanyabiashara anamletea korosho ghafi na kumlipa kwa kilo: shilingi 2,000 kwa punje nzima, 800 kwa zilizovunjika. Siku nzuri anatoa kilo tatu nzima na kilo moja ya vipande. Mafuta ya ganda yamemuunguza vidole hadi alama za kidole gumba zimefutika. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa mara sita. Anacheka anaposimulia, lakini mikono anaificha chini ya kanga.

Mwandishi wa habari hizi alipoomba kujaribu, alivunja korosho zote saba alizopewa. Adija alitazama bakuli jekundu likijaa, akatikisa kichwa.

“Kwa mkono huo, mwanangu, wewe ungefika mpaka Zanzibar.”

Habari ya bahari ilianza na uongo, tena uongo wa darasani.

Mwaka jana, shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu Agnes aliwaambia watoto wa darasa la saba waandike insha kuhusu likizo yao. Imani, binti mkubwa wa Adija, aliandika kurasa mbili. Alisema familia yake ilikwenda Kilwa Masoko, ikalala siku mbili, ikavuka kwenda Kisiwani kuona magofu, na yeye akaugusa ukuta wa msikiti wa kale. Aliandika pia kwamba bahari ilikuwa imenyamaza kimya. Mwalimu aliifurahia mno, akaisoma mbele ya darasa zima, kisha akamkuta Adija sokoni na kumpongeza.

“Nikasema ahsante mwalimu, tulifurahi sana,” anakumbuka Adija. “Nilikuwa nimeshika mafungu mawili ya nyanya, nayo nikayaacha palepale. Mtoto wangu hajawahi kuona bahari hata siku moja. Likizo ile alishinda hapa akinisaidia kubangua.”

Alimsubiri binti yake arudi kutoka shuleni, akamkalisha na kumsema sana juu ya kusema uongo. Imani alimwacha amalize, kisha akajibu maneno machache: “Mama, wenzangu wote waliandika walikwenda mahali. Mimi ningeandika nini?”

Usoni kwa Adija unaona kwamba swali lile halijamtoka hadi leo.

Si kwamba watu wa hapa hawasafiri. Wanasafiri sana. Lakini ukimwona mtu wa mtaa huu kashika begi, ujue kuna msiba, harusi au mgonjwa. Adija mwenyewe bahari aliwahi kuiona mara moja, mjini Lindi, kupitia dirisha la wodi alipomuuguza mama yake. Kusafiri ili ukapumzike tu, ukae, utazame maji, urudi? Hilo hakuna aliyekuwa amelifanya.

Mumewe, Twalib, ni fundi baiskeli. Alipoambiwa kwamba mkewe anataka wampeleke Imani baharini, aliuliza swali moja ambalo mkewe hatamsamehe kirahisi: “Sasa haraka ya nini? Bahari inakwenda wapi? Ipo tu.”

“Bahari ipo, mtoto ndiye anaondoka,” Adija akamjibu. Imani alikuwa amalize la saba mwaka ule, na akifaulu angekwenda sekondari ya bweni. Mama alitaka, kabla hajamfungia sanduku, ile insha iwe kweli.

Wakakaa na kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, ambayo bado imening'inia sebuleni. Nauli ya basi ya watu watatu hadi Nangurukuru, kwenda na kurudi, 90,000. Mdogo, Zakia mwenye miaka mitano, angepakatwa. Gari dogo la kuingia Masoko, 15,000. Gesti usiku mbili, 40,000. Chakula, 45,000. Kuvuka Kisiwani na kiingilio cha magofu, 30,000. Soda na zawadi, 10,000. Dharura, 20,000. Jumla: laki mbili na nusu.

“Twalib aliisoma, akaenda kunywa maji,” anasema Adija.

Ndipo akaweka sheria ya bakuli jekundu. Hela ya korosho nzima isiguswe, ni ya unga, daftari na sabuni. Hela ya zilizovunjika iende kwenye kopo. Twalib akaongeza za viraka vya baiskeli kila alipoweza. Nyumba nzima ikaanza kuishi kwa sheria hiyo. Adija anakiri kwamba kuna siku Zakia alimshauri kwa nia njema kabisa: “Mama, si uzivunje zote?”

Desemba ilipofika, kopo lilikuwa na 208,000. Zilipungua 42,000.

Hapo Adija akaapa kwamba pengo halitaongezeka hata shilingi. Ili wasinunue chakula cha hotelini, angepika mwenyewe, na ili wasilipie viti na kivuli cha ufukweni, wangekalia mkeka. Lakini mkeka wa nyumbani umechakaa. Akaenda kuazima ule mkubwa wa kikundi, pamoja na sufuria moja.

Hilo ndilo kosa lake.

Kikundi chenyewe ni cha kufa na kuzikana. Wanawake wa mtaa wanachanga kila mwezi ili akifiwa mmoja wao pawe na mkeka, masufuria na sukari. Mkeka ule kazi yake ni moja, na watu wakiuona unatoka hawaulizi. Adija naye hakueleza. Alimwambia mtunza vyombo, kwa sauti ya chini, kwamba wanashuka Kilwa kesho, familia nzima.

“Niliona aibu,” anasema. “Ningesemaje tunakwenda kustarehe? Watu wangesema Adija anajidai, ana hela. Nikainamisha kichwa tu. Kumbe ndiyo nimeharibu kabisa.”

Siku hiyohiyo Twalib alifunga kibanda chake mchana. Fundi Twalib hafungi kibanda hata akiwa na homa. Mtaa ukajumlisha wenyewe: mkeka umetoka, kibanda kimefungwa, wanashuka pwani wote. Jamani, wamefiwa!

Baada ya alasiri wanawake kumi na mmoja waliingia uani, kanga vichwani, hatua za polepole. Mbele yao alikuwa Bi Kazija, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye miaka sabini na miwili. Desturi ya hapa, msibani humrukii mwenye nyumba kwa maswali. Unakaa, unatoa ubani wako, unasubiri aseme mwenyewe. Wakakaa. Sahani ikazungushwa, ikajaa noti na sarafu, ikawekwa mbele ya Adija.

“Mimi nikadhani wamesikia, wamekuja kutuaga,” anasema, na sasa machozi ya kicheko yanamtoka. “Nikafurahi! Nikasema Mungu awalipe jamani, hata sikutegemea. Nikaona wananitazama kwa mshangao.”

Kisha Bi Kazija akamshika goti, akamuuliza taratibu: “Mazishi saa ngapi, mwanangu?”

Sahani ilikuwa na 43,500. Adija alijua baadaye, lakini anasema hata kwa macho aliona kwamba pengo lake limezibika, na chenji inabaki.

“Shetani si mtu mzuri. Akaniambia, mtaje shangazi yako wa Kilwa Kivinje. Na shangazi kweli alikufa, ila ni miaka sita iliyopita. Neno lilishafika hapa,” anagusa koo. “Nikainua macho, nikamwona Imani kasimama mlangoni. Ananiangalia. Mtoto niliyemsema kwa uongo wa kurasa mbili.”

Akatazama chini, akasema: “Hakuna aliyekufa. Tunakwenda kuona bahari.”

Kisha mwanamke mmoja akaguna, mwingine akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika, na ua mzima ukaangua kicheko. Bi Kazija alicheka mpaka akapaliwa, wakampa maji. Watu wakamsuta Adija vilivyo: na kichwa kile alivyokiinamisha! Na Twalib na kufuli lake!

Adija alirudisha hela zote, mkono kwa mkono, akikumbuka nani katoa nini. Mtu mmoja tu alikataa. Bi Kazija alikunja 2,000 zake, akazirudisha kwenye kiganja cha Adija, akakifunga.

“Ubani haurudi kwa mwenyewe, ni nuksi,” akasema. “Niletee maji ya bahari kwenye chupa, nikandie magoti yangu. Na mkeka nendeni nao. Miaka yote unakaliwa na watu wanaolia. Wacha nao ukaone furaha.”

Wakaondoka asubuhi yake na 210,000. Kwenye kalenda ile bado pana mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu: kuvuka Kisiwani, 30,000. Elfu kumi zilizobaki zilikatwa kwenye dharura. Imani ndiye aliyeukata mstari ule, kwa mkono wake. Leo yuko nyumbani kwa likizo ya Juni, kidato cha kwanza, mrefu kuliko mama yake, anamenya ngozi ya punje pembeni yetu. Mwandishi anamuuliza kama iliuma.

“Iliuma kidogo,” anasema. “Lakini mama alikuwa ameona aibu mbele ya watu wote kwa ajili yangu. Ningelilia magofu tena?”

Walifika Masoko jioni, wakalala. Asubuhi wakabeba mkeka, sufuria na Zakia, wakateremka ufukweni. Bahari haikuwepo.

Palikuwa na mchanga na tope linalong'aa, mpaka mbali kabisa, na mashua zimelala ubavu. Zakia akaanza kulia: “Wameihamisha!” Adija akageuka polepole, akamtazama mumewe.

“Baba Imani. Hebu niambie tena. Bahari inakwenda wapi?”

Twalib, anayesikiliza haya akiwa anaziba pancha kivulini, anainua mikono yote miwili. “Hapo nimeshindwa. Miaka arobaini na mitano, sikujua kama inaondoka na kurudi.”

Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, Zuwena, aliwaonea huruma. Akawaambia maji yamekupwa, watulie, yatajaa yenyewe baada ya adhuhuri. Wakatandika mkeka wa msiba juu ya mchanga, wakasubiri. Twalib alilala, Zakia akachimba mashimo, Adija hakufanya chochote. Hilo analisema mara mbili, kwamba hakufanya chochote, mikono ikiwa mapajani, na hakuna aliyemwita.

“Kisha ikaja. Haiji kwa kishindo. Unaona kamstari, ukigeuka tena iko karibu. Imani akaingia mpaka magotini. Akaniita kwa nguvu, mama, nilikosea! Niliandika imenyamaza! Mama, inaongea muda wote!”

Adija anaacha kugonga korosho hapo. Anajifuta jicho kwa kiwiko, maana vidole vina mafuta ya ganda, na mafuta hayo machoni ni balaa.

“Nilimpenda yule mtoto siku ile kama nilipomzaa.”

Siku hiyo nzima wakaitazama Kisiwani ikiwa ng'ambo ya maji. Siku ya tatu wakapanda gari, na chupa ya lita moja na nusu imefungwa ndani ya kanga.

Sasa kalenda ina ukurasa mpya. Safari ni Desemba hii, na mstari wa kuvuka ndio ulioandikwa wa kwanza kabisa, kabla ya nauli. Kopo lina 96,000. Safari hii Adija ameutangazia mtaa mapema, nyumba kwa nyumba, wala hakuinamisha kichwa. Vijana wa kijiweni wameipa jina, safari ya Hakuna Aliyekufa.

Na bajeti imeongezeka mtu mmoja. Bi Kazija, ambaye ameingia uani na fimbo yake tukiwa tunaaga, ameshatoa 20,000 za mbaazi zake. Mwandishi anamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anatafuta pa kukaa. Maji ya chupa yaliisha mwezi wa tatu, anasema, na hataki tena kuletewa, anataka akachote mwenyewe. Katika umri wake wote hajaiona bahari.

“Mkeka ule naujua,” anasema. “Siku moja watu watautandika wakae kwa ajili yangu. Sina ubaya nao. Ila nataka kwanza niukalie mimi, nikiwa hai, miguu yangu iko majini.”

Adija anagonga korosho nyingine, inapasuka vibaya, vipande vitatu. Anavikusanya kimoja kimoja, anavitia kwenye bakuli jekundu.